Majina Ndani ya Gauni la Manjano

Faridah alijua kufumua kabla hajajua kushona. Huko Kibokoni, Mombasa, bibi yake aliyemlea alimkalisha mkekani, akampa wembe na nguo kuukuu, akamwambia afumue bila kujeruhi kitambaa. Nguo zenyewe zilikuwa za marehemu, zinangoja kutolewa sadaka. Palipokuwa na jina la mtu, limedariziwa ukosini au pindoni, hapo bibi alisogeza miwani na kukaza sauti.

"Toa herufi zote, mjukuu wangu. Hata mkia wa herufi usibaki. Jina likishonwa kwenye nguo, mwenyewe hayuko mbali. Wataka maskini wa watu avae kanzu na mwenye kanzu yumo ndani?"

Faridah alitoa. Nyuzi zilizong'olewa bibi hakuzitupa jaani wala hakuzitia moto. Alizifunga kwenye kijitambaa akazifukia chini ya mkomamanga uani. "Jina halitupwi," alisema. "Husitiriwa."

Shule aliiacha darasa la nane, lakini mkono wake haukuacha kusoma. Alipoolewa na Firoz, dereva wa basi, akamfuata London, kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye duka la dobi lililorekebisha nguo, karibu na kituo cha treni cha Barking. Na huko, maajabu, sheria ya kwanza ilikuwa ile ile ya bibi: nguo ya mtumba ikiingia, toa kwanza alama ya mwenyewe. Kwa hiyo alipopata kibarua cha ushonaji kwenye ukumbi mmoja mkongwe wa michezo ya kuigiza katikati ya jiji, kwa majaribio ya miezi mitatu, alikwenda na sheria moja aliyofundishwa na walimu wawili. Hakujua kwamba ameipeleka mahali pasipoihitaji.

Chumba cha mavazi kilikuwa chini ya jukwaa. Mabomba yalipita darini yakikohoa, na hatua za watu juu ya mbao zilisikika kama mvua inayoanza. Ukumbi ukiwa mtupu, taa moja iliachwa ikiwaka jukwaani, mchana na usiku, juu ya mlingoti wa chuma. Faridah alipouliza inamulikia nani, mkuu wake alicheka.

"Wenye nyumba," alisema.

Mkuu huyo alikuwa Chandrakant, mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru, mkaazi wa Wembley, miaka arobaini katika chumba kile kile. Siku ya kwanza alipomsikia Faridah akinong'ona "Bismillahi" kabla ya kutia uzi sindanoni, aliruka kama aliyekanyagwa.

"Wewe mtu ya Mombasa! Sema kitu. Sema tena. Kiswahili yenu ina madoido mingi sana. Yetu ya Nakuru ni ya kazi tu."

"Yaonekana, Mzee. Hata nguo hiyo yakisikitikia Kiswahili chako."

Tangu hapo wakaelewana.

Ukumbi ulikuwa unajiandaa kurudisha mchezo wa kuchekesha wa Kiingereza, mkongwe wa miaka mia mbili na hamsini, ambao kwa Kiswahili ungeweza kuitwa Arusi Juu ya Matanga. Mume mmoja tajiri na mwenye wivu anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia. Anajificha kabatini, anasikiliza. Mkewe anaingia amevaa nguo nyeusi za msiba, analia mbele za watu mpaka watu wanaondoka. Halafu, mlango ukifungwa tu, anavuta kifungo kimoja, vazi jeusi linaanguka chini, na ndani yake yumo amevaa gauni la hariri ya manjano, tayari kwa ngoma. Hapo watu hucheka. Mchezo huu umekufa na kufufuka mara nyingi, Chandrakant alimweleza akipiga pasi, na kila ulipofufuka watu walicheka pale pale.

"Elfu moja mia tisa hamsini na saba, vita bado haijasahaulika, wajane wamejaa hapo kwa viti, na bado walicheka mpaka machozi. Sabini na mbili kulikuwa na mgomo wa wachimba makaa, umeme ulikuwa unakatika. Siku moja giza likaingia katikati ya mchezo. Watu wakatoa tochi zao, wakamulika jukwaa wenyewe. Vazi jeusi likaanguka, na ile manjano, wanasema, ikawaka kama yai. Halafu tisini na moja, hapo mimi nilikuwa. Halafu elfu mbili na nane. Wachezaji wanabadilika. Gauni ni ile ile."

Gauni lenyewe lilisimama pembeni juu ya sanamu la kushonea lisilo na kichwa. Lilishonwa mwaka ule wa hamsini na saba. Jumatatu asubuhi Chandrakant alimkabidhi.

"Litayarishe kwa Emma, ndiye mke safari hii. Angalia mishono, lisafishe, tia jina yake. Ijumaa tunajaribu mchezo wote na mavazi."

Faridah alifungua gauni mgongoni akalipindua. Kwenye bitana, upande wa moyo, zilikuwa tepe nne nyembamba nyeupe, zimeshonwa moja chini ya nyingine, kila moja na jina lililofumwa kwa uzi mwekundu na mwaka ulioandikwa kwa wino. Winifred Ashby. Lydia Farrow. Joan Pell. Deepa Mistry. Bitana ilinuka poda ya zamani na jasho la hofu, jasho ambalo halifanani na la kazi.

Alisikia sauti ya bibi waziwazi. Wembe ukafanya kazi. Tepe nne zikang'oka bila kuacha jeraha, na mahali pale pa juu, palipokuwa na jina la Winifred, akashona tepe mpya ya Emma, nadhifu, mishono midogo kama mchele. Za zamani alizikunja kwenye karatasi laini akazitia mkobani. Asingezitupa. Jina halitupwi.

Alipolirudisha gauni juu ya sanamu, bega moja liliteremka. Akalipandisha. Likateremka tena, polepole, kama la mtu aliyechoka kungoja.

Jioni ile huko Barking, wakati akikatakata vitunguu, binti yake Ilham, mwenye miaka sita, aliupekua mkoba akitafuta peremende. Ilham alikielewa Kiswahili chote cha mamake, na alikijibu chote kwa Kiingereza. Alizipata tepe. Akazipanga mezani, akaketi wima kama mwalimu wake, na kuanza kuita mahudhurio.

"Winifred Ashby."

Akanyamaza. Akangoja, ameinamisha kichwa, kwa muda ule ule ambao mwalimu humngoja mtoto.

"Hayupo. Lydia Farrow."

Kimya. Mafuta yalilia kikaangoni.

"Yupo. Joan Pell... Hayupo. Deepa Mistry..." Safari hii alingoja zaidi, akatazama mlangoni. "Hayupo. Lakini alitaka kuja."

Kisu kilikwama kwenye kitunguu. "Ilham! Michezo gani hiyo? Nani amekwambia huyu yupo na huyu hayupo?"

Mtoto alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Nimewaita, Mama. Mmoja ameitika."

Faridah alimwambia azikunje alivyozikuta, sasa hivi, anawe mikono, aje kula. Kesho yake asubuhi, kabla ya kumpeleka shule, alilichukua lile furushi dogo bila kulifungua, kwani hakutaka kuyaona tena yale majina. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, haikuwa na ua wala mkomamanga. Ilikuwa na kibaraza cha kutosha viatu vitatu na chungu kimoja cha nanaa. Alichimba kwa kijiko, akafukia, akasoma alichokuwa akisoma bibi. Ilham alisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mimi sinywi tena chai ya hapo," alisema. "Ina watu."

Jumanne ile Emma alilijaribu gauni jukwaani kwa mara ya kwanza. Faridah alisimama pembeni, nyuma ya pazia, na pini zake. Mafundi wa taa na maseremala walikuwa wameketi vitini kutazama, watu waliocheka hata mtu akipiga chafya. Emma alilia kilio cha uongo, mlango ukafungwa, akavuta kifungo. Vazi jeusi likaanguka. Manjano ikatokea.

Hakucheka mtu.

Si kwamba alikosea. Alirudia mara tatu. Kila mara vazi lilianguka kwa wakati wake, na kila mara ukimya ulikaa pale kama mgeni asiyeaga. Mara ya tatu Emma alijikumbatia mabega, akamwambia Faridah kwa sauti ndogo kwamba gauni ni baridi mno, kana kwamba limetoka kuning'inia nje. "Nahisi nimeingia nyumba iliyohamwa," alisema.

Faridah aligusa bitana. Ilikuwa baridi kweli.

Jumatano asubuhi Chandrakant aliingia anaimba, na haikuwa kawaida yake.

"Mama Ilham, kesho saa nane mchana tuna mgeni. Lydia Farrow. Yule wa sabini na mbili, wa tochi. Anakaa nyumba ya wazee huko Lewisham. Kichwa imeanza kumtoka, maskini. Watoto wake amesahau, hata kuwa aliolewa amesahau. Lakini kila siku anaambia walezi, jina yangu iko kwa gauni, nipelekeni nione. Nimeahidi. Tunafungua bitana tu, anaona, anafurahi. Pengine ni kitu ya mwisho bado anajua ni yake."

Pasi iliyokuwa mkononi mwa Faridah ilitoa moshi. Aliinyanyua.

"Na hao wengine, Mzee?" Sauti yake ilitoka mbali. "Hao wenye majina?"

"Winifred alikufa kabla mimi sijakuja. Joan, miaka kumi sasa. Deepa..." Mzee aliweka chini mkasi. "Deepa alikuwa mtoto tu, mwenye kucheka. Ugonjwa. Alitaka sana kuigiza tena hapa, hakuwahi. Amebaki Lydia peke yake. Unajua, hii nyumba jina halitoki. Mpya anashonwa chini ya zamani. Watu wengine wana kitabu, sisi tuna bitana."

Wawili waliokufa zamani, mmoja aliyetaka kuja, na mmoja aliyeitika. Faridah alikuwa amemzika mtu mzima, yu hai, kwenye chungu cha nanaa. Ule mchezo wa kuchekesha ulikuwa juu ya kichwa chake, unafanyiwa mazoezi, na yule mume kabatini alikuwa akipiga kelele kwamba hajafa.

Angeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Lakini aliuona uso wa mzee ulivyong'aa, akajiambia: nitasema nikiwa nazo mkononi.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, akiwa na Ilham mkononi, akaenda moja kwa moja kibarazani bila kuvua koti. Alichimba kwa vidole. Karatasi ilikuwa imelowa ikawa uji. Winifred. Joan. Deepa. Alichimba mpaka chini ya chungu, akaumwaga udongo wote kwenye gazeti, akauchambua kama mchele wenye mawe. Mizizi ya nanaa ilimfunga vidole. Ya nne haikuwamo.

"Ya Rabbi, nimempoteza."

"Lydia?" Ilham aliuliza kutoka mlangoni. "Hayumo humo."

Faridah aligeuka akiwa bado amepiga magoti. "Yuko wapi?"

Mtoto alirudi nyuma hatua moja, akaona mamake hana hasira, ana kitu kingine. "Nilimtoa ulipokwenda kuniletea taulo. Nilijua utawafukia, ulishanihadithia ya bibi. Yeye alisema yupo. Mtu aliyepo hazikwi, Mama."

"Umemweka wapi, mwanangu?"

"Shuleni. Kwenye droo yangu. Kuna joto huko."

Faridah alimvuta akamkumbatia na mikono yake ya udongo, koti jipya la shule likaharibika, wala hakujali.

Alhamisi walikuwa wa kwanza langoni mwa shule. Mlango ulipofunguliwa saa tatu kasorobo Ilham alikimbia, akarudi na tepe ndani ya kasha la penseli. Pembeni mwa jina, kwa penseli ya kijani, palikuwa na alama ya vema, kubwa, ya mkono wa mtoto aliyebana ulimi kwa meno. Hapakuwa na muda wa kuisugua. Faridah alikamata treni amesimama, ameushika mkoba kwa mikono miwili kama mwenye kubeba mayai.

Chumbani hapakuwa na mtu. Zile tatu alikuwa amezifua usiku kucha, lakini udongo ulibaki kwenye kingo, rangi ya chai. Aliling'oa jina la Emma kutoka mahali lisipostahili, akaanza upya. Aligundua jambo lililomsimamisha nywele: matundu ya sindano za zamani yalikuwa bado wazi, na sindano yake iliyapata yenyewe, moja baada ya jingine, kama mguu unavyozijua ngazi za kwao gizani. Alishona la Winifred, akafunga fundo. Kiti kilichokuwa nyuma yake kililia, kama kinavyolia kiti mtu anapoketi. Hakugeuka. Alishona la Lydia, na alama yake ya kijani. Aliposhona la Joan mvuke ulipumua kutoka kwenye pasi ambayo hakuiwasha. Aliposhona la Deepa alisikia kitu karibu sana na kicheko, kimezuiwa kwa kiganja, upande wa kioo. Akasema "Bismillahi" kwa sauti, akaendelea. Mwisho kabisa, chini ya wote, akamtia Emma.

"Uzi mpya."

Chandrakant alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana tangu lini.

"Miaka arobaini naangalia uzi," alisema. "Ile ya Winifred ilikuwa ya pamba, imekuwa ya njano kwa uzee. Hii ni nyeupe ya jana."

Faridah aliinuka. Akamwambia yote, bibi na wembe, duka la dobi, chungu cha nanaa, hata mahudhurio. Hakujitetea. "Nilidhani nawasitiri, Mzee. Kwetu jina huondolewa ili mwenyewe apumzike."

Mzee aliupapasa ule ukingo wenye rangi ya chai. "Yenu si mbaya," alisema mwishowe. "Lakini hawa si watu ya kupumzika, mama. Hawa ni waigizaji." Akatazama saa. "Piga pasi mgongo. Wamefika."

Lydia Farrow aliletwa kwenye kiti cha magurudumu na mlezi wake, Mwende, Mkamba mwenye sauti ya kwaya, aliyefurahi kusikia Kiswahili kikimkaribisha chini ya ardhi.

"Afadhali mmetuita, dada," alimwambia Faridah akivua glavu. "Huyu nyanya ametutesa. Tangu Jumatatu halali. Tunamfunika mablanketi matatu, analia ati wamemtoa nje, ati amefungiwa mlango na anasikia baridi. Jumanne ndiyo ilikuwa mbaya, alisema wenzake wana mchanga mdomoni. Daktari akaangalia midomo ya wazee wote, hakuna kitu."

Faridah alitazama udongo uliobaki kwenye kucha zake.

Bibi kizee alikuwa mdogo kuliko alivyosikika katika hadithi za Chandrakant. Macho yake yalizunguka chumba bila kutua. Alimwita Mwende kwa jina lisilo lake, akamwita Chandrakant baba. Mzee alilifungua gauni mgongoni, akalipindua, akalishusha mapajani mwa Lydia. Kidole kilichopinda kikaanza kutembea juu ya bitana. Kikapita Winifred, kikashuka. Kikasimama.

Midomo ilisoma bila sauti. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Kisha kidole kikaigusa ile alama ya kijani, kikaizunguka.

"Nani amenitia alama?" aliuliza, kwa Kiingereza cha jukwaani, safi, kinachofika viti vya nyuma.

Chandrakant alimtazama Faridah.

"Binti yangu," alisema Faridah. "Ana miaka sita. Alikuwa anaita mahudhurio, bibi. Akakuita jina. Anasema uliitika."

Lydia Farrow alimtazama. Polepole, kutoka mahali pa mbali, mtu alirudi ndani ya macho yale. Akacheka. Kicheko hicho kilianza chini, kikapanda, kikamtikisa mabega, mpaka Mwende naye akacheka bila kujua sababu, na Chandrakant akafuta macho kwa futi yake ya kupimia.

"Nipo," alisema Lydia. "Bila shaka nipo. Mimi ni Lydia."

Hakusema mengi zaidi. Alilishika gauni kwa dakika kumi, usingizi ukaanza kumchukua, usingizi mwema. Mwende alimfunga shali. Walipofika mlangoni, bibi kizee aliinua mkono, kiti kisimame. Aligeuza kichwa. Alimwinamia Chandrakant kwa heshima, akamwinamia Faridah. Halafu, bila haraka, akainamisha kichwa mara tatu zaidi: kwenye kile kiti, kwenye meza ya pasi, na kwenye kioo.

"Anaaga nani tena?" Mwende aliuliza.

"Twende, mama, lifti itafunga," alisema Chandrakant upesi.

Ijumaa, kwenye mazoezi ya mavazi, vazi jeusi lilianguka na seremala mmoja alicheka mpaka akadondosha nyundo. Emma alisema gauni lilikuwa na joto, karibu kupita kiasi. Na kwenye bitana, chini ya jina lake, Faridah alikuwa ameacha upana wa vidole vitatu, mahali pa watakaokuja mchezo ukifufuka tena.

Nyumbani Faridah aliipanda nanaa upya, kwenye udongo mpya. Jumapili alipika chai, akamtilia Ilham kikombe, akakisukuma mbele yake. Mtoto alikinusa.

"Hakuna watu?"

"Hakuna. Wamerudi kwao."

Ilham alikunywa kidogo, akaweka kikombe. "Lydia alikuja kweli?" aliuliza, na safari hii, pengine kwa vile jambo lenyewe lilikuwa la mamake, aliuliza kwa Kiswahili.

"Alikuja. Aliiona alama yako."

"Na wale wengine? Walikuja?"

Faridah alitazama kiti kitupu upande wa pili wa meza. Akajimiminia chai.

"Walikuja," alisema. "Kunywa, itapoa."